Mishale Kuanzia Namba 612

Toronto, 9 Septemba 1958

Bi Christena Rankine,

Pole kwa kufiwa na kaka yako Murdoch mwezi Mei. Nimechelewa kukuandikia kwa kuwa kazi za chama chetu cha wakusanyaji, Chama cha Senti Kubwa, haziishi.

Mwakani senti ya Kanada ya 1859 inatimiza miaka mia, na Chama kitatoa kitabu. Mwenyekiti wetu, Dkt. Bouthillier, ameshikilia kwamba kitabu hicho kiwe ile orodha ya marehemu ya senti 1,340, tena kwa jina la marehemu peke yake. Mimi ndiye ninayesimamia kamati ya machapisho. Hakuna kinachochapwa kabla sijakikagua.

Nitakueleza kwa lugha nyepesi, maana najua ulichorithi ni sanduku tu. Senti hugongwa kati ya mihuri miwili ya chuma, wa kichwa cha Malkia na wa majani. Fundi akiifunga mihuri hivi, pande zote mbili za senti zinatazama juu pamoja. Huo tunauita mwelekeo wa nishani. Akiifunga vile, upande mmoja unakaa kichwa chini. Huo tunauita mwelekeo wa sarafu. Za 1859 zipo za namna zote mbili, na muhuri uleule ukionekana katika namna zote mbili tunajua uliwahi kufunguliwa na kufungwa upya. Kwa hiyo kila senti katika orodha ina maelezo ya nyufa zake, umbo la tarakimu 9, na mshale: wa juu kwa nishani, wa chini kwa sarafu. Mshale ukikosewa, orodha nzima ni takataka.

Tafadhali nitumie sanduku kwa posta ya rejista. Usizisugue senti. Wanawake wengi huzisugua wakidhani wanasaidia.

Wilmot Garside


Truro, 17 Septemba 1958

Bwana Garside,

Asante kwa somo. Nimeishi nyumba moja na senti hizo kwa miaka ishirini na mbili na sijasugua hata moja. Vijiko ndivyo ninavyosugua.

Sitakutumia sanduku. Machi 1955 kaka yangu alikutumia karatasi zake za namba 612 hadi 900 akiomba maoni yako. Ulikaa nazo miezi saba, kisha ukazirudisha na mstari mmoja: "Sina matumizi nazo." Alinitaka nimsomee mara mbili, akidhani nimeruka kitu. Mtu aliyekaa na karatasi miezi saba kisha akakosa la kusema sitamkabidhi senti zenyewe.

Kama kweli unataka kukagua, treni inasimama hapa kila siku. Njoo ukae mezani kwangu uzikague nikikuona. Kaka yangu alikuwa karani wa telegrafu wa reli kwa miaka thelathini na minane. Hakuacha mke wala mtoto, na jiwe la kaburi lake ni lile la shirika la reli. Alichoacha ni orodha hii. Nataka ichapwe na jina lake liwe juu yake. Zaidi ya hapo sina haja na Chama chenu.

Christena Rankine


Toronto, 6 Oktoba 1958

Bi Rankine,

Kwamba marehemu alihitaji kusomewa mstari mmoja mara mbili kunanieleza mengi kuhusu umakini wake.

Nitafika Jumamosi tarehe 18. Nitahitaji meza iliyo karibu na dirisha, kitambaa kisicho na rangi, na utulivu. Usiniandalie chakula kingi.

W. Garside


Truro, 21 Oktoba 1958

Dkt. Bouthillier,

Hatujaonana, ila kaka yangu alikutaja mara nyingi kama daktari pekee wa meno aliyemfahamu asiyesema uongo. Nakuandikia kwa sababu Chama chako kimenitembelea na ningependa mwenyekiti wake ajue ilivyokuwa.

Bwana Garside alifika saa nne asubuhi akiwa na glavu nyeupe kama mtu anayekwenda kubeba jeneza. Nilimpa meza karibu na dirisha. Nikamwekea chewa kwa viazi, akasema hali samaki wa chumvi, akala sahani mbili. Alikagua hadi saa kumi. Kwa kila senti aliangalia kwanza karatasi ya kaka yangu, kisha senti, kisha dari. Nilikaa upande wa pili wa meza nikifuma, na sikutoka hata kwenda kuongeza makaa.

Alizungumza kidogo. Aliuliza kama marehemu alikuwa na afya njema alipofanya kazi hii. Nikamwambia alikuwa mzima kumshinda yeye. Aliuliza kama kuna mtu aliyemsaidia. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini karatasi zote zimeandikwa kwa herufi kubwa. Nikamwambia ndivyo makarani wa telegrafu wanavyoandika, na ni kweli.

Jambo moja nakuuliza kwa udadisi tu. Bwana Garside huishika senti kushoto na kulia, halafu huipindua kichwa cha Malkia kikienda chini, kama mtu anayegeuza samaki kwenye kikaango. Je, wakusanyaji wote mnageuza hivyo, au ni madoido yake?

Christena Rankine


Toronto, 27 Oktoba 1958

Bi Rankine,

Matokeo ni haya, na nakala inakwenda kwa Dkt. Bouthillier.

Namba 1 hadi 611, kwa chache nilizozipima, ni sahihi. Nakiri kwamba ni kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Kuanzia namba 612 nilikagua senti mia mbili na tano, nikizichagua bila mpango hadi mwisho wa orodha. Nyufa zimeelezwa vizuri. Tarakimu 9 zimetambuliwa vizuri. Lakini mishale yote imepinduka. Sisemi mingi, nasema yote. Iliyo ya nishani ameiita ya sarafu, na iliyo ya sarafu ameiita ya nishani. Mtu wa kawaida akikisia atapata nusu. Kukosa zote mia mbili na tano kunahitaji kipaji.

Sijui marehemu alikuwa akinywa nini baada ya namba 611, wala si kazi yangu kujua. Nitaishauri kamati, itakapokutana tarehe 15 Januari, kwamba orodha isichapwe kwa jina lake. Badala yake kitabu kijengwe juu ya utafiti wangu uliotoka katika jarida letu mwaka 1956, ambao wanachama wanaufahamu na kuuamini.

Sanduku unaweza kulihifadhi. Senti zenyewe ni za kawaida.

W. Garside


Hull, 3 Novemba 1958

Bi Rankine mpendwa,

Nimeipata ripoti ya Garside, na najua na wewe umeipata. Nimesikitika. Murdoch aliniandikia kwa miaka kumi na sikuwahi kumkuta na kosa.

Umeuliza tunavyogeuza. Naam, wote tunageuza kama samaki wako, kichwa kikienda chini. Anayejifunza hufunzwa hivyo siku ya kwanza, kisha hakuna anayeitaja tena, kama vile hakuna anayemkumbusha mwenzake kuvua kofia kanisani. Mke wangu pekee hugeuza kwa upande, kama ukurasa wa kitabu, na kila mara ananiambia senti zangu zote zimekosewa. Nilicheka nilipoisoma barua yako mezani. Yeye hakucheka. Alisema, "Muulize huyo bibi kwa nini anauliza." Sikuulizi.

Nakutumia jarida la 1956 lenye makala ya Garside, maana huenda hukuwahi kuliona. Kura yangu ni moja kati ya tano. Ukiwa na lolote la kuiambia kamati, liandike kabla ya tarehe 15 Januari.

Anselme Bouthillier


Truro, 14 Novemba 1958

Bwana Garside,

Nimesoma makala yako ya 1956. Murdoch hakunitaka nimsomee, alisema hana hamu na sauti yako. Ni kosa ambalo alilifanya peke yake.

Unasema humo kwamba ulipima senti mia mbili na arobaini "kwa mikono yangu mwenyewe, kutoka kabati langu mwenyewe". Kisha unatoa jedwali. Nimekaa nalo siku nne kando ya karatasi za kaka yangu za namba 612 hadi 900, zile usizokuwa na matumizi nazo. Senti yako ya kwanza ina ufa kutoka jani la nne hadi kwenye duara la nukta kama shanga, na tarakimu 9 iliyorekebishwa. Ndiyo namba 900. Ya pili ni namba 899. Unaendelea hivyo ukirudi nyuma, kama mwizi anayetoka nyumba ya watu kinyumenyume ili nyayo zionekane zinaingia. Umeziacha arobaini na tisa. Nadhani mkono ulichoka kunakili.

Sasa tazama mishale yako. Yote mia mbili na arobaini ni ileile ya kaka yangu. Ni ileile uliyoniandikia mwezi uliopita kwamba imepinduka, na kwamba aliyeiandika alikuwa mlevi. Kama alikuwa mlevi, basi mlikuwa mkinywa chupa moja.

Unaitwa mjuzi wa mwelekeo wa mihuri. Kwa miaka miwili jina lako limekaa juu ya mishale mia mbili na arobaini isiyo sahihi, na hukuwahi kufungua hilo kabati lako ukageuza hata senti moja kuona. Wizi ningeuelewa. Uvivu huo ndio unaonishinda.

Christena Rankine


Toronto, 24 Novemba 1958
Nakala: Dkt. A. Bouthillier

Bi Rankine,

Nimepokea tuhuma zako. Huzuni humfanya mtu aone mambo, kwa hiyo sitazijibu kwa ukali zinaostahili.

Ni kweli jedwali langu la 1956 linafanana na sehemu ya orodha ya marehemu. Nililigundua mwenyewe baada ya kurudi kutoka Truro, na nilinyamaza kwa heshima ya aliyekufa. Sasa umenilazimisha. Jarida lilitoka 1956. Karatasi za marehemu hazina tarehe hata moja. Maelezo ni mepesi: mzee aliyechoka alilichukua jedwali langu, akalipindua mpangilio, akalitia ndani ya orodha yake ili airefushe. Kuhusu mishale, nakiri katika makala ile nilitumia msaidizi ambaye hakuwa makini. Kosa hilo nitalisahihisha jaridani. Marehemu alinakili hata kosa.

Unadai kwamba alinitumia karatasi hizo 1955. Stakabadhi ya posta, hata kama unayo, inaonyesha bahasha. Haionyeshi kilichokuwa ndani yake.

Nitaiomba kamati iandike rasmi kwamba Murdoch Rankine alinakili kazi ya mwanachama mwenzake. Ukitaka kuepuka hilo, iondoe orodha.

W. Garside
Mwenyekiti, Kamati ya Machapisho


Toronto, 24 Novemba 1958
Binafsi

Bi Rankine,

Hii naiandika kwa mkono na haina nakala.

Wewe na mimi si watoto. Siku ile nilipokuwa natundika koti langu Truro, niliona fimbo nyeupe nyuma ya mlango. Nilidhani ni yako. Lakini wewe ulihesabu matundu ya glavu zangu kutoka upande wa pili wa meza, kwa hiyo si yako. Nikawaza tena juu ya mtu anayesomewa barua ya mstari mmoja. Kutoka Toronto hadi Truro kuna watu wasiopungua mia mbili wanaokusanya senti hizi. Fikiria watakavyocheka wakisikia kwamba mjuzi wao mkubwa wa nyufa alikuwa kipofu.

Sina haja ya kulisema hilo. Sikiliza. Orodha itoke kama "Rankine na Garside". Mishale kuanzia 612 nitaisahihisha kimyakimya, ni kazi ya wiki tatu. Barua yangu nyingine ya leo nitaifuta kama kutoelewana. Hakuna atakayeuliza chochote. Kaka yako atabaki mtu mwenye macho, atabaki mwaminifu, na jina lake litakuwa la kwanza. Hicho ndicho ulichosema unakitaka.

Nijibu kabla ya Krismasi.

Wilmot


Truro, 8 Desemba 1958

Dkt. Bouthillier,

Tafadhali isome barua hii mbele ya kamati, yote.

Oktoba nilikuandikia kwamba nilimwambia Garside hakuna aliyemsaidia kaka yangu. Huo ulikuwa uongo, nami nilikuuzia wewe pia kwa kukusimulia kama kweli. Nausahihisha sasa.

Murdoch alipoteza macho yote mawili kwa ugonjwa wa sukari katika vuli ya 1951. Barua ya daktari wa macho wa Halifax nimeiambatisha, ina tarehe. Siku hiyo orodha ilikuwa imefika namba 611. Alikaa kwenye kiti chake wiki tisa bila kugusa senti hata moja. Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani, akaniambia, "Teena, leta kisanduku cha pili na taa." Nikamwuliza taa ya nini. Akasema, "Ya kwako, mpumbavu. Mimi nimeshamaliza kuitumia."

Kuanzia hapo hadi alipokufa mambo yalikwenda hivi. Mimi niliishika senti na kueleza nilichokiona. Yeye alisema ni muhuri upi. Niliandika kwa herufi zake kubwa, kama alivyotaka, ili pasiwe na mtu wa kujua. Alikuwa mkali. Nikisema ufa uko jani la tano, alikuwa akisema, "Hesabu tena. Umeanzia shina lisilo lenyewe, kama kawaida yako," na kwa kawaida nilikuwa nimeanzia shina lisilo lenyewe. Niliapa kwake kwamba sitamwambia mtu. Alisema, "Wakijua, hawatasema Rankine aliona nini. Watasema masikini Rankine." Alilichukia neno hilo kuliko ugonjwa.

Sasa mishale. Alinifundisha kwa maneno, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Alisema: geuza senti, upande wa majani ukiwa umesimama andika mshale wa chini, ukiwa kichwa chini andika mshale wa juu. Nikafanya hivyo. Hakusema geuza vipi. Kwake lilikuwa jambo lisilosemwa, kama ulivyoniandikia mwenyewe. Mimi nimepiga kinanda katika kanisa la Presbiteri kwa miaka thelathini na mmoja, na mkono wangu hugeuza kila kitu kwa upande, kama ukurasa. Ukigeuza senti hivyo, kilichosimama kinakuwa kichwa chini na kilicho kichwa chini kinasimama. Nilimtii neno kwa neno, na nikakosa kila mara. Yeye hakuweza kuuona mkono wangu. Mimi sikujua kwamba kuna njia mbili hadi Garside alipoishika senti mezani kwangu tarehe 18 Oktoba. Nilikuwa nikifuma. Nilifuma safu tatu nisijue ninachofanya, na baadaye ilibidi nizifumue.

Kwa hiyo kosa hilo halikutokana na ulevi wala uchovu. Ni la mkono mmoja tu, wangu, na lilizaliwa katika chumba changu cha kulia mwanzoni mwa 1952. Garside anasema ni la msaidizi wake, na kwamba Murdoch alilinakili kutoka kwake. Basi mwulizeni haya.

Orodha haikomi namba 900, inaendelea hadi 1,340. Hizo mia nne na arobaini za mwisho hazimo katika makala yake wala hazijawahi kutoka popote. Nazo mishale yake imepinduka yote, kwa ushahidi wa Garside mwenyewe wa Oktoba. Kama Murdoch alilitoa kosa Toronto, hizo nyingine alizinakili kwa nani?

Na mwulizeni msaidizi huyo anaitwa nani, ilhali makala inasema "kwa mikono yangu mwenyewe". Mkimpata, mleteni Truro. Ningependa kumwona mtu wa pili Kanada aliyegeuza senti hizo kwa upande kwa miaka yote hiyo.

Naambatisha pia barua ya Garside ya binafsi. Aliitaka isiwe na nakala. Hii ndiyo yenyewe.

Najua ninachokifanya. Mtakaposoma haya, mtajua kwamba kaka yangu hakuziona senti mia saba ishirini na tisa kati ya alizoziorodhesha. Wako watakaosema masikini Rankine. Nimeona ni afadhali asemwe kipofu kuliko asemwe mwizi, na afadhali yote mawili kuliko jina lake kukaa kwenye mstari mmoja na jina la Garside.

Christena Rankine


Truro, 8 Desemba 1958

Bwana Garside,

Jibu ni hapana. Dkt. Bouthillier anayo barua yako ya mkono.

Ulinipa muda hadi Krismasi. Sikuuhitaji. Ulidhani umenishika kwa sababu ulikuta fimbo nyuma ya mlango. Kwa hiyo nimewaambia habari za fimbo mimi mwenyewe, na sasa hushiki kitu.

Ulikaa na kazi ya mtu kipofu miezi saba, wewe mwenye macho, glavu na lenzi, na hukuona kwamba imekosewa. Yeye alikuwa na sababu.

Usiniandikie tena.

C. Rankine


Hull, 19 Januari 1959

Bi Rankine mpendwa,

Kamati ilikutana Alhamisi. Niliisoma barua yako yote kama ulivyoagiza. Garside hakufika. Alituma ujumbe kwamba anajiuzulu kwa sababu za afya, na kamati imeupokea kwa maneno hayo. Makala yake ya 1956 itatajwa jaridani kwamba isitumiwe, bila maelezo. Najua hutaridhika. Watatu kati yetu wanne tuliokuwapo tulitaka zaidi, lakini tulichokipata wote tukakubali ndicho hicho.

Orodha itachapwa. Jina la Murdoch litakuwa juu yake, peke yake. Mishale kuanzia 612 itabidi igeuzwe upya, moja moja, na wanachama wawili waipitie. Mmoja wao ni mimi. Nitakuja theluji ikipungua, na mke wangu ameomba aje pia.

Limebaki jambo la dibaji. Ni lazima tuseme kwa nini nusu ya mishale imegeuzwa upya. Rasimu yangu inasema: "Katika miaka yake ya mwisho, afya ya mwandishi haikuwa nzuri, na alipata msaada wa familia." Wanachama hawahitaji kujua zaidi ya hapo. Wanakamati wote wameahidi kunyamaza. Ahadi uliyompa kaka yako bado inaweza kutimizwa, isipokuwa kwa watu watano.

Niambie kama maneno hayo yanafaa.

Anselme Bouthillier


Truro, 26 Januari 1959

Dkt. Bouthillier,

Hayafai.

Garside anajiuzulu kwa afya, na kaka yangu anakosea kwa afya. Mmewapa neno moja. Msomaji akiyaweka majarida mawili pamoja atadhani kulikuwa na homa ikitembea katika Chama chenu.

Murdoch hakukosea. Maneno yake yalikuwa sahihi, na kila senti niliyomweleza aliitaja ilivyo. Mkiandika "afya yake haikuwa nzuri" mnampa yeye kosa langu ili mimi nibaki na heshima. Sikuvunja ahadi kwa ajili hiyo.

Nimekwisha kuanza kugeuza upya. Naishika senti kushoto na kulia, kichwa cha Malkia kinakwenda chini. Mkono haupendi. Natoa ishirini kwa siku, kisha naacha kwa sababu nikichoka unarudi kwenye kurasa. Nimefika 790. Hadi sasa mishale yote ilikuwa imepinduka, hakuna hata mmoja uliokuwa sahihi kwa bahati. Mkeo akija, mwambie asiguse chochote.

Katika dibaji andika hivi, na usilainishe:

"Murdoch Rankine alikuwa kipofu kuanzia namba 612. Alizitambua senti zilizofuata kwa kuelezwa, na hakukosea. Aliyezigeuza ni dada yake, Christena Rankine. Aligeuza vibaya kwa zaidi ya miaka sita na hakuuliza."

Watakaocheka wacheke wakiwa wameushika ukurasa wenyewe. Aliniomba nisiseme, nami nimesema. Hilo ni kati yangu na yeye, na Chama hakihusiki.

Christena Rankine